Uzi: Matufaha ya kujazwa tende na lozi, ya kuokwa kwa oveni au kwa seredani

Bi_Mkunazini

Assalamu alaykum, wanajamvi wa Unguja na Pemba pamoja na wenzetu mlioko ng'ambo.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya kitindamlo kimoja ambacho naamini kinastahili nafasi katika meza zetu, nacho ni tufaha zima lililotolewa moyo, likajazwa tende, lozi na viungo, kisha likaokwa mpaka nyama yake ikalainika na ganda lake likaanza kukunjamana. Ninaposema tufaha nakusudia lile linaloletwa kutoka nje, ambalo wengi wetu tukifika sokoni huliita epo, si tufaa letu jekundu la mashamba.

Meza zetu hazina upungufu wa vitu vitamu. Tuna kaimati, visheti, tambi za sukari, mkate wa kumimina na halua, na karibu vyote hivyo vimesimama juu ya unga, sukari na mafuta. Tunda lililookwa ni jambo jengine kabisa, kwa kuwa utamu wake huja pamoja na uchachu, na mtu aliyekwishakula pilau au biriani hulimaliza bila ya kulemewa. Ndiyo maana hoja yangu katika uzi huu ni moja: uchachu wa tufaha ndio uhai wa kitindamlo hiki, na kila tunachokitia ndani yake hakina budi kuutumikia uchachu huo, si kuuzima. Maelezo mengi ninayoyaona yakizunguka katika simu zetu humtaka mpishi atie kikombe kizima cha sukari pamoja na mdalasini kwa kijiko kilichofurika, na matokeo yake ni kwamba mlaji hawezi tena kutambua kama amekula tufaha au boga.

Tuanze na kuchagua tunda, kwa sababu hapo ndipo kazi inaposimama au kuanguka. Matufaha mengi yanayouzwa Darajani na Mwanakwerekwe hutoka Afrika ya Kusini, hasa katika jimbo la Western Cape, penye mabonde ya Elgin na Ceres. Kule mavuno huanza kiasi cha mwisho wa Januari na kuendelea hadi Mei, na yale yasiyouzwa mara moja huwekwa katika maghala ya baridi ambayo oksijeni yake imepunguzwa, ili tunda lisizeeke haraka. Kwa hivyo tufaha utakalolinunua mwezi wa Novemba huenda lilichumwa miezi mingi nyuma, na likishatoka katika baridi ile na kukaa juu ya meza ya muuzaji katika joto letu, hupoteza ugumu wake kwa kasi na nyama yake huwa ya ungaunga. Tunda la namna hiyo linaweza kuliwa bichi kwa shida, lakini ukilioka litaporomoka lote ndani ya treya. Lichukue mkononi na ulipime uzito, kwani tufaha zuri huwa zito kuliko umbo lake linavyoonesha, kisha likandamize kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Likibonyea, liache.

Aina ninayoipendelea ni ile ya kijani, Granny Smith, yenye asili ya Australia, ambako Maria Ann Smith aliitambua shambani kwake Eastwood, New South Wales, mnamo mwaka 1868. Hilo lina uchachu wa kutosha na husimama imara motoni. Nafasi ya pili naipa Golden Delicious ya manjano, ambayo ni tamu zaidi lakini huhifadhi umbo lake vizuri. Waingereza wana tufaha lao mahsusi la kupikia, Bramley, lililotokana na mche uliooteshwa kwa mbegu huko Southwell mwaka 1809, ambalo likipikwa hugeuka povu laini na lenye uchachu mkali. Sisi halitufikii, na sioni kwamba tumekosa kitu, kwa sababu kwa kitindamlo cha kuwekwa kizima katika sahani nataka tunda lenye kusimama.

Kwa watu sita chukua matufaha sita yanayokaribiana ukubwa, kila moja la gramu 200 hivi, ili yaive kwa pamoja. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na uyafute kwa kitambaa, kwa sababu matufaha ya kutoka nje aghalabu hupakwa nta nyembamba inayolika ili yasikauke. Kata kifuniko chembamba upande wa kikonyo na ukiweke kando. Kwa kisu kidogo chembamba zungusha kuuzunguka moyo, kisha umalizie kwa kijiko cha chai chenye ukingo mkali, ukiondoa mbegu zote pamoja na vile vijigamba vigumu vinavyozizunguka. Usitoboe mpaka chini. Acha kitako cha kiasi cha sentimita 1, la sivyo samli na juisi yote ya ndani itavuja na kuungua juu ya treya. Tundu liwe na upana wa sentimita 3 hivi. Mara tu unapomaliza tunda moja, lipake maji ya ndimu kwa ndani, kwani nyama ya tufaha ikikutana na hewa hugeuka rangi ya kahawia, na asidi ya ndimu huichelewesha hali hiyo.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: kwa ncha ya kisu chora mstari mmoja kulizunguka tunda katikati ya kiuno chake, ukikata ganda tu. Tufaha lina maji kiasi cha asilimia 85, na maji hayo yakipata moto hutanuka na kutoa mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea hulipasua ganda popote penye udhaifu. Mstari ule huupa njia, na tunda hupanda kidogo sehemu ya juu likabaki na sura yake.

Kwa kujazia, chukua tende laini 12, uzitoe kokwa na kuzikatakata. Changanya na gramu 50 za lozi zilizokaangwa kavu na kupondwa nusunusu kwa kinu, ganda la chungwa moja lililokwanguliwa, nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga, robo kijiko cha iliki iliyopondwa wakati huo huo, kungumanga ya kukwangua mara mbili tatu tu, chumvi kidogo sana, na vijiko viwili vya supu vya samli. Sukari sitii. Tende zenyewe zina sukari zaidi ya nusu ya uzito wao, nazo hulainika na kufanya kitu kama asali nzito ndani ya tunda. Anayekosa lozi atumie korosho, na nakiri kwamba korosho huleta ulaini ambao lozi hazina. Karafuu nitasema kwa msisitizo, hasa kwa ndugu zetu wa Pemba: karafuu moja nzima itupwe katika maji ya treya, wala isisagwe ndani ya tende. Mafuta yake ni makali mno, na karafuu mbili za unga zinatosha kulifanya tufaha liwe na ladha ya dawa ya meno.

Shindilia mchanganyiko ndani ya kila tunda kwa kidole, rudishia kifuniko, yapange katika treya isiyokuwa pana sana, na umimine chini mililita 150 za maji yaliyochanganywa na juisi ya chungwa moja. Pasha oveni hadi nyuzi 180 kwanza, au 160 ikiwa ina feni, kisha uyaoke kwa muda wa dakika 40 hadi 50. Kila baada ya robo saa fungua na uyamwagie mchuzi wake kwa kijiko. Dalili ya kuiva ni kwamba kijiti kinapita katika nyama bila ya kusukumwa, huku tunda likiwa bado limesimama. Baada ya hapo pektini inayoshikilia chembe za tunda imeshayeyuka kiasi cha kutosha, na kila dakika unayoongeza inalipeleka kwenye kuporomoka. Liache nje ya oveni robo saa kabla ya kuliandaa. Tende zilizopashwa namna hii hubakia na joto kwa muda mrefu, na mtoto anaweza kuungua ulimi huku ganda la nje limeshapoa.

Juu yake mimi humimina tui zito la nazi lililopashwa na chembe mbili za iliki na chumvi kidogo. Tui lisichemke kwa nguvu, lisije likakatika. Kastadi nayo inafaa, lakini iwe nyepesi na isiyo na sukari nyingi.

Mkaazi_wa_Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam, Bi Mkunazini, na shikamoo. Nimesoma maelezo yako kwa makini na nina maswali mawili ambayo naamini wengi wanayo.

La kwanza ni kuhusu oveni ndogo za umeme za kuwekwa mezani, ambazo ndizo zilizomo katika nyumba nyingi za mjini. Waya zake za moto ziko karibu sana na chakula, na alama za joto zilizoandikwa katika kitufe hazilingani na joto halisi la ndani. Je, vifuniko vya matufaha havitaungua kabla ya kitako kuiva? La pili ni kwamba kuna wiki ambazo matufaha ya kijani hayapatikani kabisa, na meza zote zimejaa mekundu. Kuna njia ya kuyatumia hayo, au ni bora mtu aahirishe?

Bi_Mkunazini

Marahaba, mwanangu.

Kwa oveni ya mezani, weka treya katika nafasi ya chini kabisa na uifunike kwa karatasi ya alumini kwa dakika 25 za mwanzo. Ndani ya karatasi ile maji ya treya yatatoa mvuke, na mvuke ndio utakaoyaivisha matufaha kwa upole mpaka katikati. Baada ya hapo ondoa karatasi ili ganda lipate rangi na mchuzi upungue. Usiamini kitufe, amini kijiti. Ukitaka uhakika zaidi, yako maduka ya vyombo vya jikoni yanayouza kipimo kidogo cha joto cha kuning'iniza ndani ya oveni, na kwa mtu anayeoka mara kwa mara ni ununuzi wenye maana.

Ama matufaha mekundu, hayalingani. Royal Gala na Fuji ni matamu lakini yana nyama yenye nguvu, na yanaweza kukufaa ukipunguza tende hadi nane, ukaongeza ndimu nzima katika mchanganyiko, na ukaanza kuyapima kwa kijiti mapema, baada ya dakika 30. Pink Lady ni bora zaidi kuliko hayo, kwa kuwa lina uchachu wake lenyewe, ingawa bei yake huwa juu. Lile jekundu lililoiva sana, lenye vijinundu vitano chini, yaani Red Delicious, sikushauri ulitumie hata kama ndilo pekee lililobaki. Ganda lake ni nene na lina uchungu, na nyama yake hulegea upesi. Siku hiyo pika kitu chengine.

Binti_Chake

Assalamu alaykum. Nimefurahi kuuona uzi huu, kwa sababu huku Chake Chake nyumba zenye oveni si nyingi, na watu hudhani kwamba chakula cha kuokwa hakiwahusu. Kupalia makaa ni jambo tulilolikuta kwa bibi zetu. Mkate wa kumimina huivishwa kwa moto wa juu na chini, na wali hupaliwa kila siku. Tufaha linakubali njia hiyo hiyo, na mimi nimeridhika kwamba harufu yake huwa nzuri zaidi kuliko ya oveni ya umeme.

Chukua sufuria nzito yenye kitako bapa, ambayo matufaha yataenea yakiwa yamegusana kidogo ili yasaidiane kusimama. Mfuniko uwe wa bapa na wenye ukingo, makaa yasiporomoke. Sinia kuukuu la alumini lililogeuzwa linafanya kazi nzuri. Washa seredani kwa mkaa wa kuni, na uache mpaka miali yote itoweke na makaa yavae jivu jeupe. Vifuu vya nazi vinawaka kwa ukali na kwisha upesi, kwa hivyo vinafaa kwa kuanzishia moto tu, si kwa kupikia kitu kinachohitaji dakika 50 za joto la utulivu.

Mimina maji ya machungwa kama Bi Mkunazini alivyoeleza, lakini kwa seredani ongeza kidogo, yafike mililita 200, kwa sababu kitako cha sufuria kiko karibu na moto. Punguza makaa ya chini yabaki machache, yaliyotawanywa pembeni na si katikati, kisha uweke makaa mengi zaidi juu ya mfuniko, kwa kadiri ya theluthi mbili juu na theluthi moja chini. Baada ya dakika 25 funua mara moja tu, uyamwagie matufaha mchuzi wake na utazame kama maji yamekauka. Kabla ya kufunua, ondoa makaa ya juu kwa koleo na ufute jivu pembeni mwa mfuniko kwa kitambaa kibichi, kwani jivu likiingia humo halitoki tena. Hesabu kiasi cha dakika 50 hadi saa nzima, kulingana na upepo.

Nawaomba sana, wakati wa mvua msiingize seredani ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Barazani penye upepo au uani nyuma ya nyumba ndipo mahali pake.

Jambo jengine ni mdalasini. Sisi wa visiwa hivi tuna bahati kwamba mdalasini wa kwetu, unaolimwa Kizimbani, Kidichi na katika mashamba ya Pemba, ni ule wenye ganda jembamba linalojikunja tabaka kwa tabaka na kuvunjika kwa vidole. Ule wa ganda nene na gumu kama ubao, unaouzwa umeshafungwa katika pakiti, ni wa mti mwengine wa jamaa hiyo na ukali wake ni mwingi. Kwa tufaha tumieni wa kwetu, na mupondee nyumbani.

Maalim_Jangombe

Nimepitia uzi huu kwa utulivu na nawashukuru wote wawili. Naomba kuuliza jambo ambalo litawahusu wengi. Katika maelezo ya Ulaya ya kitindamlo hiki aghalabu hutajwa ramu au pombe nyengine, ambayo zabibu kavu hulowekwa ndani yake. Je, ilikuwa na kazi gani katika upishi, na sisi tutie kitu gani badala yake ili ladha isipungue? Pia, chakula hiki asili yake ni wapi hasa?

Bi_Mkunazini

Shikamoo, Maalim.

Kuhusu asili, tufaha lenyewe lilitokana na miti ya mwituni ya milima ya Asia ya Kati, katika nchi inayoitwa leo Kazakhstan, likasafiri na misafara ya biashara kuelekea magharibi. Kuoka tunda zima ni jambo lililojitokeza kila penye matufaha na jiko la moto wa kudumu, na ni vigumu kulinasibisha na jamii moja tu. Ujerumani hukiita Bratapfel na hukila katika miezi ya baridi, hasa karibu na Krismasi. Zamani waliyaweka matufaha katika uwazi maalumu wa lile jiko kubwa la kupashia nyumba joto. Wao hujaza lozi zilizosagwa na sukari, zabibu kavu na mdalasini, na huandaa pamoja na mchuzi wa vanila. Iran nako wapo wanaolijaza tufaha nyama ya kusaga na kulipika kama dolma, yaani mboga za kujazwa, kiwe chakula kamili badala ya kitindamlo. Ukitazama vizuri utaona kwamba lozi, zabibu, mdalasini na kungumanga, vinavyohesabiwa kule kuwa viungo vya sikukuu, hapa kwetu vimo kabatini mwaka mzima, na baadhi yake vinaota nyuma ya nyumba.

Ama ile pombe, ilikuwa na kazi mbili: kulainisha zabibu kavu na kuongeza harufu kali inayokata utamu. Kazi ya kwanza hufanywa na kimiminika chochote cha moto. Kazi ya pili mimi naikabidhi kwa ukwaju. Loweka zabibu katika chai ya rangi ya moto, nzito, yenye tangawizi, kwa muda wa nusu saa, uzichuje, kisha uzichanganye na kijiko kimoja cha chai cha maji mazito ya ukwaju. Ukakasi wa chai na uchachu wa ukwaju huifanya ladha ya tufaha isimame mbele. Wengine hutia arki ya waridi, nami naiheshimu rai yao, lakini katika tufaha lililookwa naiona inafaa zaidi kunyunyizwa katika tui baada ya kuepuliwa, matone mawili tu, kwa sababu moto mrefu huipotezea harufu yake.

Kijana_Mkoani

Shikamooni nyote. Epo moja huku Mkoani ni ghali kuliko matunda yetu mengi, na familia ya watu wanane itahitaji manane. Je, hatuwezi kutumia tufaa letu, au mapera, ambayo msimu wake yakifika yanaanguka chini ya miti? Na kwa nini sisi wenyewe hatulimi matufaha haya, hali ardhi yetu inaotesha kila kitu?

Binti_Chake

Marahaba, kaka yangu. Niruhusu nijibu mimi, maana nyumbani kwetu tuna mtufaa.

Mtufaa wetu ni wa jenasi moja na mkarafuu, wala hauna udugu na huo mti wa epo, ambao ni wa jamaa ya mawaridi. Tunda lake lina maji mengi, nyama yake ni kama sifongo na kokwa lake ni kubwa, kwa hivyo ukilioka hutoa maji yote, likanywea na kuwa ngozi tupu. Lipike kwa njia nyengine: likate vipande, uvichemshe polepole katika maji kidogo na sukari, kijiti cha mdalasini na ndimu, mpaka viwe vyekundu na vya kung'aa. Ni kitu kizuri, lakini kitakuwa mchuzi wa matunda, si tunda la kujazwa.

Pera ndilo jibu lako. Chagua mapera makubwa, yaliyoiva lakini yenye ukakamavu, uyakate nusu kwa urefu, utoe mbegu zote za katikati kwa kijiko na ubakishe ukuta wa nyama wa sentimita 1 hivi. Jaza tende na karanga zilizokaangwa, ambazo ni nafuu kuliko lozi. Ndimu iwe nyingi kidogo, kwani pera halina uchachu wa epo la kijani. Dakika 25 za moto wa wastani zinatosha. Kwa familia yako ya watu wanane, mapera manane yatatoa nusu kumi na sita.

Kuhusu kulima, mti wa epo unahitaji kipindi cha baridi ili ulale, ndipo utoe maua kwa mpango. Hapa kwetu haupati baridi hiyo mwaka mzima. Bara hulimwa katika sehemu za juu kama vile Lushoto na Njombe, na ukiyakuta matufaha ya huko sokoni, usiyadharau kwa sababu ya udogo wake au ganda lisilong'aa. Yale yenye uchachu yanaoka vizuri sana.

Mama_wa_Kikwajuni

Naomba msaada kwa ajili ya baba yangu, ambaye ana maradhi ya kisukari na anapenda sana kitu kitamu baada ya chakula. Je, tufaha hili linamfaa, au nalo ni miongoni mwa vitu vya kumuepusha?

Bi_Mkunazini

Mwenyezi Mungu ampe afya baba yetu. Nitasema upande wa jikoni tu, na kiasi anachoruhusiwa akiulizie kwa daktari wake, kwa sababu dawa anazotumia zina hesabu yake.

Tufaha lenyewe lina sukari kiasi cha gramu 10 katika kila gramu 100, na nyuzinyuzi zake husaidia sukari hiyo isiingie mwilini kwa kishindo. Tatizo liko katika tende. Kwa ajili yake, ondoa tende kabisa na ujaze lozi au korosho zilizopondwa, shayiri kidogo isiyokobolewa, samli kijiko kimoja kidogo, mdalasini, ganda la chungwa na tangawizi mbichi iliyokwanguliwa. Juisi ya chungwa katika treya ibadilishwe na maji matupu yenye ndimu. Chagua Golden Delicious badala ya la kijani, ili utamu wa tunda wenyewe uhisike, na umuandalie nusu ya tunda. Asali na sukari guru zisitiwe kwa kudhaniwa kwamba ni salama kwake. Mwilini mwake ni sukari vile vile. Lake lipangwe pembeni mwa treya na lichomekwe kijiti, lisije likachanganyika na ya wengine.

Mkaazi_wa_Mwanakwerekwe

Nimeyaoka leo kwa njia ya karatasi ya alumini, na yamesimama yote. Kwa kuwa Ramadhani haiko mbali, nauliza la mwisho: yanaweza kutayarishwa mapema, na yanayobaki huhifadhiwaje? Na je, halua ya Wete ikitiwa ndani badala ya tende itafaa?

Bi_Mkunazini

Alhamdulillah, nimefurahi kusikia.

Halua usiioke. Imeundwa kwa wanga, sukari na samli, nayo ikipata moto wa oveni huyeyuka, ikapanda na kumwagika, na kilichobaki ndani huzima uchachu wote. Ukitaka kuionja pamoja na tufaha, weka kipande kidogo pembeni mwa sahani wakati wa kuandaa, hapo vinapendezana.

Kwa Ramadhani, tayarisha mchanganyiko wa kujazia tangu jana yake na uuweke katika friji, lakini matufaha yenyewe yatobolewe alasiri siku ya kuokwa, yapakwe ndimu, yajazwe na yafunikwe. Yaingize katika oveni unapomaliza kupanga futari mezani. Watakapokuwa wanaswali Magharibi na kufuturu yatakuwa yameiva, na ukizima oveni ukayaacha humo mlango ukiwa wazi kidogo, waliokwenda Tarawehe watayakuta na uvuguvugu. Yaliyobaki hukaa katika friji siku mbili hadi tatu, ndani ya chombo chenye kifuniko pamoja na mchuzi wake, na hupashwa moto kwa dakika 15 katika nyuzi 150 yakiwa yamefunikwa. Wakati wa daku huliwa hata yakiwa baridi, pamoja na maziwa ya mgando.